Kununua Skyline GT-R au Supra ya zamani: jinsi ya kupanga bei ya kweli kabla hujapiga simu

Kila anayependa magari ya Japani ya miaka ya tisini amewahi kusikia habari za mtu aliyenunua Nissan Skyline GT-R kwa bei ya Corolla. Nyingi ya habari hizo ni za kweli, ila ni za zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 gari hilo lilikuwa kuukuu, linakunywa mafuta, na Mjapani aliyekuwa nalo alikuwa na sababu za kutosha za kuliondoa: ukaguzi wa lazima wa serikali una gharama, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Bei zile zilizaliwa wakati huo, na wanunuzi wengi bado wanatembea nazo kichwani.

Jambo hili linaumiza watu, ndiyo maana naliandikia. Mnunuzi anayeshikilia bei isiyokuwepo sokoni huishia pabaya kwa njia mbili. Ama hukaa miaka akitafuta asipate kitu, ama hukutana na mtu aliye tayari kumtajia bei anayotaka kuisikia, na gari linakuwa limegongwa, limebandikwa jina lisilo lake, au halipo kabisa. Hatua zilizo hapa chini nimezieleza kwa GT-R na Toyota Supra, lakini zinafaa pia kwa Mazda RX-7, Honda NSX au Porsche 911.

Hatua ya 1: Jua unashindana na nani

Usidhani unashindana na jirani yako wa Sinza au South B. Unashindana na mtu wa Texas mwenye dola.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inazuia kuingiza gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya usalama vya nchi hiyo, mpaka litimize miaka 25 tangu lilipotengenezwa. Skyline GT-R ya kizazi cha R32 ilianza kutoka kiwandani mwaka 1989, hivyo mlango wa Marekani ulifunguka mwaka 2014. R34 ilianza Januari 1999, na mlango wake ukafunguka mwaka 2024. Kanada wanaruhusu kuanzia miaka 15, kwa hiyo wao walitangulia. Wafanyabiashara walijua tarehe hizo tangu zamani, wakaanza kununua mapema.

Sasa tazama idadi yenyewe. Nissan ilitengeneza GT-R za R32 karibu 44,000, za R33 karibu 16,500, na za R34 kama 11,500 hivi. Toa zilizopondwa kwenye barabara za milimani na viwanja vya mashindano, toa zilizokatwakatwa kuwa vipuri, toa zile ambazo wenyewe hawaziuzi kwa lolote. Kilichobaki ndicho kinachogombewa na dunia nzima.

Ndiyo maana hoja ya "gari lina miaka 25, mbona ghali hivyo?" haina nguvu mbele ya muuzaji anayejua alicho nacho. R34 GT-R mpya iliuzwa Japani kwa karibu yeni milioni 5. Leo iliyotunzwa vizuri inavuka dola 100,000 kwenye minada ya Marekani. Kwa Vitz au IST umri unashusha bei. Kwa gari hili umri ndio uliofungua soko. Ukienda kujadiliana kwa hoja ya umri, muuzaji anajua papo hapo kwamba hujafanya utafiti, na mazungumzo yanaishia hapo.

Hatua ya 2: Litaje gari lako kwa msimbo wake

Hapa ndipo bei nyingi zisizo za kweli zinapozaliwa. Mtu ameona "Skyline R34" inauzwa bei fulani, akaamini ndiyo bei ya GT-R. Lakini R34 ni familia. Msimbo wa chesisi wa GT-R ni BNR34. GT Turbo, ile yenye injini ya RB25DET inayosukuma magurudumu ya nyuma peke yake, ni ER34. Ipo pia HR34 yenye injini ya lita 2 isiyo na turbo, ambayo haina cha kujivunia zaidi ya sura. Yote matatu ni Skyline R34 na muuzaji akiandika hivyo hajadanganya, lakini kati ya BNR34 na HR34 kuna tofauti ya bei inayoweza kununua nyumba.

Kwa vizazi vilivyotangulia, GT-R ni BNR32 na BCNR33. Ukikuta HCR32 au ECR33, hiyo si GT-R hata kama nembo nyekundu imekaa vizuri mbele na nyuma.

Supra inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu msimbo JZA80 unatumika kwa yenye turbo na isiyo nayo. Hapo angalia toleo: RZ, RZ-S na GZ ndizo zenye injini ya 2JZ-GTE na turbo mbili. SZ na SZ-R zina 2JZ-GE isiyo na turbo. Halafu uliza gia. Yenye turbo na gia za mkono ndiyo inayopiganiwa. Ya otomatiki, hata ikiwa safi, inakaa chini yake. Na kama SZ imefungwa turbo baadaye, hiyo bado ni SZ kwa hesabu ya bei, hata iwe na nguvu kiasi gani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei popote, andika mstari mmoja unaosema gari lako ni lipi: kwa mfano, "BNR32, 1991 hadi 1993, injini yake ya asili, rangi yoyote, kilomita chini ya 130,000, lisiwe limegongwa fremu." Ukishindwa kuandika mstari huo, hujafika kwenye kuulizia bei. Na muuzaji akishindwa kukutumia picha ya kibati cha chesisi kilichopo kwenye chumba cha injini, tafuta mwingine.

Hatua ya 3: Kusanya bei zilizolipwa, si zinazoombwa

Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Bei unayoitaka wewe ni matumaini ya mnunuzi. Hakuna kati ya hizo mbili inayokuonyesha soko. Soko unaliona kwenye mauzo yaliyokamilika, na bahati nzuri kwa magari haya mauzo mengi yako wazi. Bring a Trailer ya Marekani na Collecting Cars ya Uingereza zinaacha matokeo yote yakionekana, pamoja na picha na maswali ya wanunuzi. Kwa Japani kwenyewe, wakala yeyote wa mnada aliye makini anaweza kukutolea matokeo ya minada kama USS kwa msimbo wa chesisi unaoutaka. Mwombe hayo kabla ya kumpa amana. Akikataa, hilo nalo ni jibu.

Tafuta mauzo sita hadi kumi ya mwaka mmoja uliopita, ya msimbo uleule, gia zilezile, na kilomita zinazokaribiana. Toa la juu kabisa na la chini kabisa. Yaliyobaki katikati ndiyo bei, uipende usiipende.

Usipite haraka magari ambayo hayakuuzwa. Mnada ukifungwa bila mauzo kwa sababu bei ya chini ya muuzaji haikufikiwa, ile ofa ya juu ya mwisho inakuambia jambo la thamani: kuna mtu mwenye fedha mkononi alifika hapo, na mwenye gari akakataa. Ukija na nusu ya ofa hiyo, hata ujieleze vipi, huna mazungumzo.

Kuna mauzo ya kuweka kando moja kwa moja. Mwaka 2021 Supra ya rangi ya machungwa aliyoiendesha mwigizaji Paul Walker kwenye filamu za Fast & Furious iliuzwa kwa dola 550,000 katika mnada wa Barrett-Jackson, Las Vegas. Mwaka 2023 R34 yake ya bluu ikauzwa na Bonhams kwa zaidi ya dola milioni 1.3. Hizo ni bei za historia ya mtu na filamu, na gari lilikuwa ndani yake tu. Muuzaji akikutolea mfano huo kuhalalisha bei yake, mwambie kwa upole kwamba mnazungumzia gari jingine. Haki ni pande zote: kama wewe hupaswi kutumia bei za mwaka 2004, yeye naye hapaswi kutumia bei ya Paul Walker.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada mstari kwa mstari

Magari mengi ya aina hii yanatoka Japani yakiwa na karatasi ya ukaguzi ya mnada. Aliyeiandika ni mkaguzi wa mnada, si muuzaji, na ndiyo maana ina uzito. Nyumba za mnada hutofautiana kidogo, lakini mpangilio wa jumla ni huu. Daraja la 5 na kuendelea ni gari lililo karibu na upya, na kwa gari la miaka ya tisini usilitegemee. 4.5 ni safi sana. 4 ni zuri lenye alama za matumizi. 3.5 lina mikwaruzo na michubuko ya umri wake. 3 linahitaji kazi inayoonekana. R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa sehemu ya muundo wake. Daraja la 1 kwa magari haya mara nyingine linatolewa kwa sababu limebadilishwa sana, kwa hiyo usilitupe kabla ya kusoma maelezo. Herufi za ndani ya gari, A hadi D, zinaeleza viti, dari na dashibodi.

Kisha kuna mchoro wa gari wenye alama ndogondogo. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba iliyo karibu na herufi inaeleza ukubwa: A1 ni ndogo, A3 ni kubwa. Ukiona W nyingi upande mmoja pamoja na XX kwenye bonet, gari hilo lilipata ajali hata kama daraja linasema vinginevyo.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni hili: mtu anachukua bei ya gari la R, anaitumia kudai gari la 4.5. Anasema "niliona moja imeuzwa yeni kadhaa," na ni kweli aliiona. Lakini lilikuwa gari lililovunjika mbele likafungwa upya. Bei ya R ni ya R. Mimi sina ubaya na gari la R ikiwa muuzaji amesema ukweli na fundi wa bodi ameukagua muundo. Kwa mtu anayetaka kuliendesha na si kulihifadhi, linaweza kuwa ndilo chaguo la busara. Ila usilinunue kwa bei ya R ukiwa na ndoto ya kuja kuliuza kwa bei ya 4.5.

Kuhusu kilomita, zilinganishe na zile zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali ya Japani, ambazo zinaandikwa kwenye hati za usajili. Kama dashibodi ilibadilishwa, au karatasi inasema kilomita hazijulikani, ondoa kabisa hoja ya kilomita kwenye hesabu yako ya bei.

Hatua ya 5: Peleka hesabu mpaka mlangoni kwako

Bei ya Japani ni mwanzo tu. Ongeza ada ya mnada na ya wakala, usafiri wa ndani hadi bandarini, meli na bima. Kwa gari la thamani hii ningelipia kontena badala ya kuliacha liendeshwe na kila mtu bandarini.

Kisha kodi. Kwa Tanzania, fanya hesabu ya mfano kwa viwango vilivyozoeleka: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10 kwa injini inayozidi cc 2000, nyongeza ya uchakavu asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, na VAT asilimia 18. Tuseme gari limefika Dar es Salaam kwa CIF (bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli) ya dola 30,000. Ushuru wa forodha ni 7,500, jumla 37,500. Juu ya jumla hiyo weka ushuru wa bidhaa 3,750 na uchakavu 11,250, unafika 52,500. VAT yake ni 9,450. Umefika dola 61,950, na bado kuna tozo ndogondogo, bandari, wakala wa forodha na usajili. Yaani gari limezidi mara mbili ya ulichomlipa Mjapani. Viwango hubadilika kwenye bajeti ya kila mwaka, na TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, inaweza kutumia thamani yake badala ya ankara yako, kwa hiyo pitia kikokotoo chao kabla ya kutuma fedha yoyote.

Ukishaiona hesabu hiyo utaelewa kwa nini GT-R ambayo tayari iko nchini, yenye kadi safi na kodi iliyolipwa, haiuzwi kwa bei ya tangazo la Japani. Aliyenayo alishapita kwenye hesabu hiyo.

Kenya hali ni nyingine kabisa. Gari lililopita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo R34 au Supra ya A80 huwezi kuagiza leo. Yaliyopo ni yale yaliyoingia zamani, na uchache huo una bei yake. Ukiwa Nairobi linganisha na mauzo ya humo humo, na uhakikishe logbook (kadi ya gari) inalingana na chesisi herufi kwa herufi.

Hatua ya 6: Tenga fedha ya fundi kabla ya kutoa ofa

Kwenye GT-R za vizazi vyote vitatu, fungua bonet utazame kutu kwenye minara ya shokapu za mbele. Kuitengeneza vizuri ni kazi ya kukata na kuchomelea. Inua zulia la buti. Kwenye RB26, yaani injini ya GT-R hizo, sikiliza turbo: magurudumu yake ya ndani yalitengenezwa kwa kauri, na mtu akipandisha shinikizo bila kuyabadilisha huvunjika. R32 za mwanzo zina udhaifu unaojulikana kwenye pampu ya oili. Kwenye R34, skrini ndogo ya katikati ikififia, uliza bei ya kuipata kabla ya kusema "hiyo si kitu."

Vipuri vipo. Nissan ilianza kutengeneza upya vipuri vya R32 GT-R mwaka 2017 kupitia mpango wa NISMO Heritage, na Toyota nayo ina mpango wa namna hiyo kwa Supra. Lakini vinauzwa kwa bei ya vitu adimu. Ninachoshauri ni kumpeleka fundi anayezijua injini hizi, mlipe siku yake, aandike orodha ya kasoro zenye bei. Orodha hiyo ndiyo silaha pekee ya haki ya kushusha bei. Muuzaji anaweza kubishana na hisia zako, lakini kipimo cha mgandamizo wa injini kilichoandikwa hawezi kubishana nacho.

Magari yaliyobadilishwa yanahitaji neno lake. Muuzaji ataongeza bei ya kila kipuri alichofunga: turbo kubwa, eksozi, rimu. Usiyahesabu hivyo, soko halihesabu hivyo. Kinachoongeza thamani ni vipuri vya asili vikiwa vimehifadhiwa kwenye boksi na vinakuja na gari.

Hatua ya 7: Toa ofa moja inayojieleza

Usianze na "bei ya mwisho ngapi?" Kwa mwenye gari la aina hii swali hilo linamaanisha huna fedha wala utafiti, na wengi hawalijibu. Andika hivi:

"Habari za leo kaka. Nimeona BNR32 yako ya 1992. Nimelinganisha na mauzo saba ya mwaka huu ya daraja la 4, nakutumia orodha. Fundi wangu ameona kutu mnara wa kulia na turbo moja inavuja oili, makadirio yake nimeyaambatanisha. Kwa hayo, ofa yangu ni hii, fedha iko tayari, na itadumu hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Ukiona haifai, nakuheshimu, sitakusumbua."

Kama muuzaji ni mtu mzima, anza na shikamoo yake na umpigie simu badala ya kumwandikia. Wengi wa wenye magari haya wameishi nayo miaka mingi na wanataka kujua linakwenda kwa nani.

Na ikiwa katikati ya mauzo uliyokusanya iko mbali na mfuko wako, badilisha gari, usibadilishe hesabu. Tanzania, ER34 au Mark II ya JZX100 yenye 1JZ-GTE inakupa sehemu kubwa ya raha hiyo, ingawa nayo bei inapanda. Kenya, tafuta Altezza RS200 yenye gia za mkono iliyotunzwa, au agiza GR86 au GR Yaris iliyo ndani ya miaka 8. Ukikuta R34 GT-R imetangazwa kwa robo ya bei ya soko, mwenyewe yuko safarini na anataka amana leo ili asimpe mwingine, usitume hata shilingi. Mwombe picha ya kibati cha chesisi ikiwa na tarehe ya leo imeandikwa kwenye karatasi pembeni, na video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi. Mwenye gari lake mkononi anayafanya hayo ndani ya dakika kumi.